yamllint: miezi minane ya kuitumia kwenye mafaili ya famasi za Dar

Mtu aliponipigia simu Februari, saa tatu usiku, sikujua kwamba shida yake imeanzia kwenye sifuri. "Dada yangu, samahani kwa usumbufu," alisema. "Hiyo famasi ya Ilala mmeandika namba inayoanza na kumi na nane. Nimepiga mara nne, haipatikani. Mama ameishiwa dawa ya presha." Nikamtafutia namba sahihi kwenye daftari, nikamsomea tarakimu moja moja, kisha nikawasha kompyuta. Kwenye faili letu imeandikwa vizuri kabisa: `msimbo: 022`. Kwenye ukurasa inasomeka 18.

Tupo wanne kwenye chumba kimoja Kijitonyama, na kazi yetu ni orodha ya famasi na maduka ya dawa muhimu ya jiji hili: duka liko kata gani, linafunguliwa saa ngapi, linafungwa saa ngapi, linauza usiku au haliuzi, simu yake ni ipi. Mtoto akibanwa na kifua usiku wa manane Tandika, mzazi afungue simu aone pa kwenda. Taarifa tunaletewa na wakusanyaji kumi na mmoja, na wengi wao si watu wa kompyuta. Yupo muuza vipodozi wa Mbagala Rangi Tatu, yupo mwanafunzi wa Ubungo, yupo mwalimu mstaafu wa Temeke ambaye ofisi nzima tunamwita Mwalimu. Kila kata ina faili lake la YAML. Tulichagua YAML kwa ajili yao, kwa sababu inasomeka kwa macho: jina, nukta mbili, kisha unachotaka kusema. Mkusanyaji akishapeleka mabadiliko yake, bildi inaanza yenyewe. Seva inakusanya mafaili yote, inayaunganisha, inatengeneza kurasa na kuziweka hewani. Hakuna mkono wa mtu katikati.

Na usiku ule bildi ilikuwa imepita bila neno.

Sababu ya 022 kugeuka 18 ni hii. YAML toleo la 1.1, la mwaka 2005, linasema namba inayoanza na sifuri na kufuatiwa na tarakimu za 0 hadi 7 pekee ni namba ya mfumo wa nane. Mbili mara nane, jumlisha mbili: 18. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliiacha kanuni hiyo, lakini ukisoma 022 kwa toleo hilo unapata 22, ambayo nayo si msimbo wa simu za mezani za Dar. PyYAML, maktaba ya Python inayosoma mafaili yetu, inafuata 1.1. Kinachoumiza zaidi ni kwamba haikosei kila mara. Andika 0784, inabaki maandishi kama ulivyoandika, kwa kuwa tarakimu 8 haimo katika mfumo wa nane. Andika 0713, inageuka 459. Ukijaribu kwa mfano mmoja tu, na mfano wenyewe ukawa na 8 ndani yake, utaapa kwamba mambo yako sawa.

Kesho yake nikaanza kutafuta chombo cha kukagua mafaili kabla bildi haijayagusa. Nimejaribu kadhaa. Niliyobaki nayo ni yamllint, na leo naisema kwa mema na mabaya yake, baada ya miezi minane ya kuishi nayo.

Ni programu ya bure na msimbo wake uko wazi, chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Aliyeianzisha ni Adrien Vergé, na imeandikwa kwa Python. Kuiweka ni amri moja, `pip install yamllint`, na inakuja na vitu viwili tu inavyovitegemea, PyYAML na pathspec. Nilishusha yote kwa bando la simu wakati umeme umekatika, wala sikuona bando kutikisika. Haina ukurasa wa kujisajili, haiombi barua pepe, haihitaji intaneti ikishawekwa. Kwa ofisi ya watu wanne inayolipia seva kwa kuchangishana, hilo ni jambo kubwa.

Siku ya kwanza nusura niitupe. Niliielekeza kwenye folda la kata za Temeke nikiwa natarajia makosa matatu manne, ikanimwagia skrini nzima. Mstari huu umezidi herufi 80. Huu una nafasi tupu mwishoni. Faili hili halina vistari vitatu vya kuanzia. Yote kweli, na hakuna hata moja linalomzuia mgonjwa kupata dawa. Mpangilio wake wa kawaida umetengenezwa kwa ajili ya watengeneza programu wanaotaka mafaili yao yafanane, na mtu wa kwangu anayehariri kwa simu akiwa kwenye daladala ataacha nafasi tupu mwisho wa mstari, ataandika maelezo marefu ya "mkabala na msikiti, nyuma ya kituo cha bodaboda", na ana haki yake. Ukimwonyesha lawama arobaini, hatasoma ile moja ya maana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza: usikubali mpangilio wa kawaida. Kuna mwingine mpole zaidi uitwao `relaxed`. Anzia hapo, kisha kaza unapotaka. Faili letu la `.yamllint` leo linasomeka hivi:

```
extends: relaxed
rules:
  truthy:
    level: error
    check-keys: false
  octal-values:
    forbid-implicit-octal: true
  trailing-spaces:
    level: warning
  line-length: disable
```

Mistari michache, na kila mmoja una kisa chake.

`octal-values` ndiyo ya ile 022. Haiko hai mpaka uiwashe mwenyewe, hata kwenye mpangilio ule mkali wa kawaida, jambo ambalo kwa maoni yangu si sawa. Nchi ambazo namba za simu huanza na sifuri ni nyingi, na sisi tumo. Nilipoiwasha na kuipitisha kwenye kata zote ilinionyesha misimbo ishirini na sita iliyokuwa inageuka kimyakimya. Nilizifunga zote kwa alama za mtajo, `"022"`, na tangu siku hiyo hakuna iliyorudi.

`truthy` inashughulikia maneno ya Kiingereza ambayo YAML 1.1 inayafanya kuwa kweli au si kweli: yes, no, on, off. Sisi tuliwaagiza wakusanyaji waandike `usiku: ndiyo` au `usiku: hapana`, na maneno hayo YAML haiyagusi, yanabaki maandishi. Mwanafunzi wa Ubungo, kwa mazoea ya chuo, akaandika no. PyYAML ikaleta thamani ya si kweli, programu yetu ikatafuta neno hapana isilione, na sehemu ya usiku ikabaki tupu kwa maduka saba. Hapa kuna mtego wa kuujua mapema: kwenye mpangilio wa kawaida kanuni hii ni onyo tu, na yamllint ikitoa maonyo peke yake inamaliza kwa sifuri, yaani inaiambia bildi endelea. Ikikuta kosa inamaliza kwa 1, na bildi inasimama. Ukitaka maonyo nayo yaisimamishe, ongeza `--strict`, na hapo itamaliza kwa 2. Mimi nimeona ni bora kupandisha zile chache zenye madhara ziwe makosa na kuziacha nyingine zinung'unike pembeni. Hiyo `check-keys: false` nimeiweka kwa sababu mafaili ya GitHub Actions, huduma ya kuendesha bildi, yana ufunguo (neno lililo kabla ya nukta mbili) unaoitwa `on`, na bila hivyo yamllint inaulalamikia kila siku wakati uko mahali pake.

Sasa kanuni ninayoipenda kuliko zote, ambayo sikulazimika kuiandika kwa kuwa imo tayari: `key-duplicates`. Muuza vipodozi wetu wa Mbagala alikuwa akiongeza duka jipya kwa kunakili la juu yake na kubadilisha maneno. Siku moja akasahau kistari kinachotenganisha duka na duka. Kwa YAML, bila kistari yale si maduka mawili. Ni duka moja lenye jina mara mbili, simu mara mbili, saa mara mbili. PyYAML hailalamiki. Inachukua la mwisho na kulitupa la kwanza. Kwenye faili kuna maduka arobaini na moja, kwenye ukurasa arobaini. Nani atahesabu? Duka lililopotea ndilo pekee kwenye orodha yetu ya kata ile lililokuwa linauza usiku, na tulikaa hivyo siku tisa. yamllint ilipopita kwenye faili hilo kwa mara ya kwanza ilitaja ufunguo uliorudiwa, mstari na safu, nami nikabaki natazama tu. Ningeilipia kwa kanuni hiyo moja.

Niliwahi kufikiri jq, programu ya kusoma mafaili ya JSON, ingetosha, kwa kuwa orodha yetu ya kata na wilaya tano iko kwenye JSON, umbo jingine la kuandika taarifa, na jq tayari ilikuwepo kwenye seva. `jq empty kata.json` ni ukaguzi wa haraka sana: faili likiwa bovu inakataa, likiwa zima inanyamaza. Mkato uliobaki mwisho wa orodha itaukamata, mabano yasiyofungwa itayakamata. Ila ufunguo ukirudiwa jq nayo inachukua wa mwisho na kupita. Kwa JSON tumehamia kwenye `check-json`, ukaguzi wa pre-commit-hooks unaoendeshwa na pre-commit (chombo kinachokagua mabadiliko kabla hayajapelekwa), ambao hukataa ufunguo uliorudiwa. Nimeridhika nao.

Nirudi kwa Mwalimu. Kata yake mojawapo ni Chang'ombe, na mtu yeyote wa hapa ameshaona tatizo linakoelekea. Tulikuwa tumemfundisha kufunga majina kwa alama moja moja za mtajo. Akaandika `kata: 'Chang'ombe'`. Kwa YAML jina limeishia kwenye Chang, na "ombe" imekuwa neno lisilo na mwenyewe. Zamani kosa kama hili lingefika hadi katikati ya bildi, dakika ya sita au ya saba, na kutapika kurasa mbili za maelezo ya Python ambazo ningezisoma mimi, siyo yeye. Safari hii yamllint ilikuwa hatua ya kwanza kabisa kwenye bildi. Ndani ya sekunde chache Mwalimu akapata ujumbe, na akanipigia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Faili langu limekataliwa. Wanasema mstari wa 17, safu ya 18. Nimehesabu kwa kidole nimefika kwenye ombe."

"Umefika penyewe, Mwalimu."

"Basi ni hiyo ritifaa. Mashine yenu haijui ritifaa?"

Nikamweleza kwamba inaijua, ila ndani ya alama moja moja inaidhani ni ya kufunga, kwa hiyo aweke alama mbili mbili nje: `"Chang'ombe"`. Akarekebisha mwenyewe, akapeleka mwenyewe, ikapita. Kisha akaniagiza niandike kanuni hiyo kwenye maelekezo ya wakusanyaji kwa Kiswahili, pamoja na neno ritifaa, "maana wengine watasema mkwaju". Nimeandika.

Simu ile ndiyo sababu ya mimi kukaa kuandika haya yote. Chombo kilichokataa faili mapema, mbele ya aliyeliandika, kikamtajia mstari na safu, kilimpa Mwalimu uwezo wa kumaliza kazi yake bila kunisubiri mimi. Mwalimu, mama wa umri wa miaka sitini na saba, hajui Python na hana haja ya kuijua. Anajua kuhesabu mistari na anajua alama za uandishi kuliko sisi wote ofisini.

Mabaya yake sasa, na siyo madogo.

La kwanza, ujumbe wake ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha wajenzi wa lugha za kompyuta. Kile alichokipata Mwalimu kilisema kinategemea mwisho wa bloku kikakuta skala. Yeye alikamata namba mbili tu, akaacha maneno. Nimelazimika kuandika skripti ndogo inayosoma matokeo ya yamllint katika umbo la `-f parsable`, ambalo kila kosa linakaa mstari mmoja, na kubadilisha aina kumi za kawaida kuwa Kiswahili: "Ufunguo huu umeandikwa mara mbili. Je, umesahau kistari?" Inafanya kazi, ila ni kazi yangu juu ya kazi yake.

La pili, kosa la mpangilio wa alama linaonyeshwa moja moja. Msomaji wa YAML akigonga la kwanza hawezi kuendelea, kwa hiyo unarekebisha, unapeleka, unapata la pili. Mkusanyaji mwenye makosa matano atapeleka mara tano. Na pale alama ya mtajo inapofunguliwa isifungwe, mstari unaotajwa unaweza kuwa mbali chini, mahali alama nyingine ya mtajo ilipokutwa. Nimewafundisha wakusanyaji: ukifika kwenye mstari uliotajwa na huoni kitu, panda juu.

La tatu ndilo lililoniuma. YAML 1.1 ina kanuni nyingine ya kale, ya namba za mfumo wa sitini. Ukiandika 22:00 bila alama za mtajo, PyYAML inaisoma kama ishirini na mbili mara sitini, yaani 1320. 21:30 inakuwa 1290. Lakini kanuni hiyo inataka tarakimu ya kwanza isiwe sifuri, kwa hiyo 08:00 inabaki 08:00. Matokeo yake saa zetu za kufungua zilikuwa sahihi karibu zote, na saa za kufunga zikawa namba za ajabu. Na yamllint haikusema chochote. Nimepitia orodha ya kanuni zake zote, nimejaribu hata ile ya kulazimisha alama za mtajo kwenye maandishi, `quoted-strings`, ikapita vilevile, kwa kuwa kwake 22:00 si maandishi, tayari ni namba. Hapo nikaandika mistari ishirini ya Python inayofungua kila faili kwa PyYAML ileile inayotumiwa na bildi, na kuhakikisha kwamba `fungua`, `funga` na `simu` ni maandishi. Ikikuta namba inakataa. Kutumia PyYAML ileile ni jambo la lazima. Ukikagua kwa msomaji wa 1.2, kwake 22:00 ni maandishi safi, atakupa ruhusa, na bildi ya 1.1 itaharibu nyuma yake.

Kwa anayetaka kuipanga kama sisi: yamllint hatua ya kwanza, skripti ya aina za thamani hatua ya pili, kisha ndipo kitu kingine chochote. Zote mbili zinaisha kabla ya chai kupoa, na bildi yetu nzima ni dakika tisa. Kwenye GitHub Actions yamllint yenyewe inatambua iko wapi na kuyaweka makosa kando ya mstari unaohusika, bila kuiagiza. Kwenye kompyuta za ofisini tumeiunganisha na pre-commit pia, ili sisi wanne tusiifikishie seva kitu kibovu. Wakusanyaji hatukuwalazimisha, wengi wanatumia simu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye 22:00, na siku watakapoongeza kanuni ya mfumo wa sitini nitairudisha bila kinyongo.

Kuna faili moja la Kigamboni lililopita hatua zote wiki iliyopita, kijani tupu. Alama ziko sawa, vistari viko sawa, saa zimefungwa kwa alama za mtajo: `fungua: "2:00"`, `funga: "4:00"`. Mkusanyaji mpya aliandika kama tunavyozungumza, saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na ukurasa ukaonyesha duka linalofunguliwa usiku wa manane kwa saa mbili tu. Nimeongeza kwenye skripti kwamba saa iwe na tarakimu nne, ili "2:00" ikataliwe. Lakini "02:00" ingepita, na kwa hilo tunampigia mwenye duka.